Kurekodi ibada moja kwa moja kutoka kwenye miksa ya dijitali: mwongozo wa hatua kwa hatua

Siku mwalimu wetu wa kwaya alipoaga baada ya kuifundisha kwa miaka mingi, kanisa lilijaa hadi watu wakakaa nje chini ya miti. Kwaya iliimba nyimbo zake sita mfululizo. Mimi nilikuwa kwenye miksa, na flashi ya kurekodia ilikuwa imechomekwa tangu asubuhi. Baada ya ibada mwalimu alinijia taratibu akaniuliza, "Mwanangu, nitaipata lini ile rekodi niwapelekee wajukuu?" Nilipofungua flashi sikukuta kitu. Nilikuwa nimesimamisha kurekodi wakati wa majaribio ya maiki, na sikukumbuka kuanza tena.

Fundi sauti wakati wa ibada ana mikono miwili na kazi kumi. Maiki inapiga mluzi, mhubiri amehama mimbari, mpiga kinanda anataka sauti zaidi kwenye monita yake. Kurekodi ndiyo kazi ya kwanza kusahaulika, maana ikikosekana hakuna anayepiga kelele papo hapo. Kwa hiyo nimeitoa mikononi mwangu nikaikabidhi mashine. Ninaeleza hapa jinsi nilivyofanya, kwa kutumia Behringer X32, miksa iliyoingia sokoni mwaka 2012 na ambayo makanisa na kumbi nyingi zinayo. Mwenye Midas M32 afuate hatua hizi hizi. Mwenye XR18, miksa ndogo ya Behringer, nitamwelekeza njiani panapotofautiana.

Vifaa

Miksa yenye kadi ya USB nyuma, ile inayopitisha chaneli 32 kwenda na 32 kurudi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 au 5. Diski ya SSD ya nje ya TB 1; usitumie flashi, haihimili mzigo huu. Waya wa USB usiozidi mita 5. Ruta ndogo, ambayo haihitaji bando wala intaneti, kazi yake ni kuunganisha miksa na Pi kwa waya wa mtandao. Na UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Kama mna UPS moja tu, miksa, ruta na Pi zikae humo zote tatu, maana ikizimika miksa au Pi hakuna rekodi, na ikizimika ruta hizo mbili haziwasiliani.

Piga hesabu ya nafasi mapema. Chaneli 32, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli baiti 4, ni kama MB 6.1 kila sekunde, yaani GB 22 kwa saa. Ibada mbili za saa mbili mbili zinakula GB 88 kila Jumapili. TB 1 itajaa baada ya Jumapili kumi na moja hivi, kwa hiyo panga kabisa nini kitafutwa na lini.

Hatua ya kwanza: amua kipi kiende kwenye kompyuta

Kwenye miksa bonyeza ROUTING, nenda ukurasa wa kadi. Utaona makundi manne ya chaneli nane nane. Makundi matatu ya mwanzo yape Local (matundu ya maiki ya miksa yenyewe) 1-8, 9-16 na 17-24. Hapo sauti inatoka ikiwa mbichi: imepita kwenye gaini tu (kikuzaji cha mwanzo cha maiki), haijaguswa na EQ (kirekebisha toni) wala feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti). Hata ukiishusha feda ya mwimbaji hadi chini katikati ya wimbo, kwenye rekodi yumo mzima.

Kundi la nne, 25 hadi 32, lipe Out 9-16. Kama hamjabadilisha mpangilio wa kiwandani, hapo zinaingia BUS 9 hadi 14 (njia za kutolea miksi za pembeni), na LR, miksi kuu inayokwenda kwenye spika za ukumbini, inakaa kwenye 31 na 32. Kwa namna hii kila rekodi inakuwa na maiki mbichi 24, miksi ya ukumbini, na miksi nyingine ambayo ndiyo nataka tuizungumzie kwa kirefu.

Hatua ya pili: miksi ya kurekodia isiwe miksi ya ukumbini

Hapa ndipo wengi tunapokwama, na hakuna kompyuta itakayokusaidia. Mtu anachukua LR, anaisikiliza nyumbani, anakuta mhubiri na waimbaji wako juu sana, ngoma hazisikiki, gitaa halipo, na kanisa ni kama halina watu. Anadhani kadi ni mbovu. Kadi ni nzima kabisa. Ukumbini ngoma zinasikika zenyewe bila spika, na gitaa lina kikuza sauti chake, kwa hiyo fundi anaweka kidogo tu kwenye LR, au haweki kabisa. LR hubeba kile ambacho ukumbi umekikosa. Msikilizaji aliyeko Arusha au Muscat hana ukumbi ule. Anapata hicho kijazio peke yake.

Kwa hiyo tengeneza miksi ya pili. Unganisha BUS 11 na 12 ziwe stirio. Usiguse 13 hadi 16, kwa kawaida hizo zimeshikwa na efekti. Kila chaneli iingie kwenye 11-12 baada ya feda, ili ukimpandisha mwimbaji ukumbini apande na kwenye rekodi. Anza na kila kitu kwenye 0, halafu vaa hedifoni zilizofunika masikio vizuri, bonyeza SOLO ya BUS 11, sikiliza. Utajikuta unapandisha ngoma, gitaa na kinanda, na pengine kushusha kidogo maiki za sauti.

Kisha weka maiki mbili za kusikiliza washarika. Mimi nimezifunga juu ya nguzo mbili za mbele, zikitazama watu, mgongo wake kwa spika. Chaneli zake usizipeleke LR kamwe, zitapiga mluzi. Zipeleke 11-12 tu. Mara ya kwanza nilipozisikiliza, nilisikia "Amina" ya kanisa zima ikitoka nyuma kuja mbele kama wimbi, na mtoto analia safu ya pili. Rekodi ikawa na mahali.

Kiwango cha sauti kisikusumbue. Mazungumzo ya kawaida yacheze karibu na -18, vilele visipite -6. Kuna nafasi ya kutosha chini, lakini juu ya 0 hakuna kitu, ukigonga pale sauti imepasuka na haitengenezeki tena.

BUS 11 na 12 zitaingia kwenye kompyuta kama chaneli 27 na 28. Ziandike kwenye kikaratasi ubandike pembeni ya miksa.

Hatua ya tatu: Pi iione miksa

Chomeka USB, fungua dirisha la amri, andika arecord -l (arecord ni programu ya kurekodi ya Linux). Utaona jina la kadi. Chukua jina, usichukue namba, kwa sababu namba inaweza kubadilika Pi ikiwashwa upya. Hakikisha miksa imewekwa kwenye 48 kHz na kadi imewekwa kwenye 32/32, kisha jaribu sekunde kumi:

arecord -D hw:CARD=JINA -c 32 -r 48000 -f S32_LE -d 10 jaribio.wav

Badilisha JINA. Ikikataa, ongeza --dump-hw-params, itakuorodheshea inachokubali. Kwenye XR18 chaneli ni 18. Likitokea neno "overrun", diski haiwahi kuandika. Mara nyingi ni kwa sababu SSD imechomekwa kwenye tundu la USB la zamani badala ya lile la bluu.

SSD iandae kwa mfumo wa mafaili wa ext4, maana inahimili kukatika umeme kuliko FAT32, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ifunge kwenye folda ya /rekodi.

Hatua ya nne: kitufe cha kuanzia kiwe juu ya miksa yenyewe

Nilijaribu kwanza kurekodi kwa saa peke yake. Ibada hazifuati saa. Nikajaribu kuanza sauti inaposikika na kusimama pakiwa kimya. Sala ya kimya ikakata rekodi vipande viwili. Nilichobaki nacho ni chaneli 32 ya miksa yenyewe, si ile 32 ya kompyuta iliyobeba LR. Haina maiki, haina kazi, kwa hiyo kitufe chake cha MUTE ndiyo swichi. Ukiifungua chaneli, Pi inarekodi. Ukiifunga, inasimama.

Miksa hii inasikiliza amri za OSC (lugha ya kuamrisha vifaa vya sauti) kupitia mtandao, UDP, lango namba 10023. Kwa XR18 ni 10024, na chaneli yako ya mwisho ni 16. Ukituma /ch/32/mix/on peke yake bila thamani, inakujibu 1 kama iko wazi au 0 kama imefungwa. Ukituma pamoja na thamani, inatii. Tena inakubali kubadilishiwa jina na rangi ya kile kibango kidogo kilicho juu ya feda, na hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote: kibango kinageuka chekundu pale tu Pi inapoona faili linakua kwenye diski. Fundi hahitaji kuangalia kompyuta wala kuniuliza.

Ipe miksa anwani ya IP isiyobadilika, ongeza maktaba ya python-osc, na uandike hii:

```
import signal, socket, subprocess, time
from pathlib import Path
from pythonosc.osc_message import OscMessage
from pythonosc.osc_message_builder import OscMessageBuilder

MIKSA = ("192.168.1.32", 10023)
AMRI = ["arecord", "-D", "hw:CARD=JINA", "-c", "32",
        "-r", "48000", "-f", "S32_LE",
        "--max-file-time", "300", "--use-strftime",
        "/rekodi/%Y%m%d-%H%M%S.wav"]

soketi = socket.socket(socket.AF_INET, socket.SOCK_DGRAM)
soketi.settimeout(1)

def tuma(anwani, *thamani):
    ujumbe = OscMessageBuilder(address=anwani)
    for t in thamani:
        ujumbe.add_arg(t)
    soketi.sendto(ujumbe.build().dgram, MIKSA)

def bango(rangi, jina):
    tuma("/ch/32/config/color", rangi)
    tuma("/ch/32/config/name", jina)

def ukubwa():
    return sum(f.stat().st_size for f in Path("/rekodi").glob("*.wav"))

kazi = None
awali = ukubwa()
while True:
    try:
        tuma("/ch/32/mix/on")
        jibu = OscMessage(soketi.recv(1024))
        if jibu.address != "/ch/32/mix/on":
            continue
        wazi = jibu.params[0] == 1
        if kazi and kazi.poll() is not None:
            kazi = None
        if wazi and kazi is None:
            kazi = subprocess.Popen(AMRI)
        elif not wazi and kazi:
            kazi.send_signal(signal.SIGINT)
            kazi.wait()
            kazi = None
        sasa = ukubwa()
        if kazi and sasa > awali:
            bango(1, "REKODI")
        elif kazi:
            bango(3, "HITILAFU")
        else:
            bango(7, "IMESIMAMA")
        awali = sasa
    except OSError:
        pass
    time.sleep(1)
```

Rangi 1 ni nyekundu, 3 njano, 7 nyeupe. Ukianza, njano itamulika kwa muda mfupi kabla ya nyekundu. Ikibaki njano, kimbilia diski. Angalia pia pale kwenye OSError: mtandao ukikatika katikati ya ibada, programu haifanyi lolote, na arecord inaendelea kuandika. Nimekusudia hivyo. Ruta mbovu isikukoseshe mahubiri.

Mafaili yanakatwa kila dakika 5. Kuna sababu mbili. Faili moja la chaneli zote kwa dakika 5 ni karibu GB 1.84, na arecord haipiti GB 2 kwa faili la WAV. Pili, umeme ukikatika UPS ikazidiwa, kinachojeruhiwa ni faili la mwisho tu. Yaliyotangulia yameshafungwa salama.

Kisha ifanye programu iwake yenyewe kila Pi inapowashwa, kupitia systemd, msimamizi wa programu wa Linux. Andika /etc/systemd/system/rekodi.service:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/rekodi

[Service]
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/rekodi/rekodi.py
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mstari wa RequiresMountsFor usiuache. Bila huo, SSD isipochomekwa, sauti itamwagwa kwenye kadi ndogo ya Pi hadi ijae. Malizia na sudo systemctl enable --now rekodi.

Hatua ya tano: saa

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Bila intaneti, umeme ukikatika usiku, asubuhi itaamka ikidhani bado ni jana, na mafaili yatapata majina ya uongo. Nunua moduli ndogo ya saa ya DS3231 pamoja na betri yake, ipachike kwenye pini, ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt. Pi 5 ina saa ndani, inahitaji kuwekewa betri tu. Ukanda uwe Africa/Dar_es_Salaam, au Africa/Nairobi kwa walioko Kenya.

Saa ikishakuwa ya kweli, unaweza kuipa ruhusa ya kukibonyeza kile kitufe kwa niaba yako. Weka taima ya systemd itakayotuma /ch/32/mix/on na thamani 1 dakika tano kabla ya ibada. Hesabu kwa uangalifu: ibada ya saa 1 asubuhi kwa kompyuta ni 07:00, kwa hiyo taima ni OnCalendar=Sun 06:55, na ya saa 4 ni 09:55. Nimeshaona mtu kaandika 01:00 akarekodi popo. Uzuri ni kwamba saa na fundi wanabonyeza kitufe kimoja. Fundi akiwahi, sawa. Akisahau, saa inamkumbukia.

Hatua ya sita: kusimama, na hapa nakuomba usiharakishe

Jumatatu moja nilikuwa nasikiliza mwisho wa rekodi ili nijue pa kukata. Ibada ilikuwa imekwisha, mnada umekwisha, watu wametawanyika. Maiki ya kola ya mchungaji ilikuwa bado inawaka mwilini mwake. Ukumbini hakuna aliyesikia kitu kwa sababu LR ilikuwa imefungwa, lakini kumbuka tulichukua sauti mbichi, kabla ya feda na kabla ya MUTE. Nikasikia sauti ya mama akianza kumweleza mchungaji habari za majibu yake ya hospitali. Niliondoa hedifoni, nikalifuta faili, nikaenda kumwambia mchungaji.

Tangu siku hiyo naamini mashine inayojua kuanza bila kujua kusimama haifai kuwekwa kanisani. Weka ulinzi wa tabaka tatu. La kwanza ni fundi mwenyewe: anafunga chaneli 32 kabla hajazima kitu kingine chochote. La pili, ongeza kwenye programu swali la /main/st/mix/on, ambalo kwa XR18 ni /lr/mix/on. LR ikikaa imefungwa dakika mbili mfululizo, programu itume 0 kwenye chaneli 32 yenyewe. Fundi yeyote hufunga LR akimaliza, hata yule anayesahau mengine yote. La tatu, kikomo: rekodi ikifikisha urefu wa saa nne, ifungwe.

Watu nao waambiwe. Kibao mlangoni kwamba ibada inarekodiwa, na tangazo fupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Lakini hata zisingekuwepo, maombi ya wagonjwa wanaotajwa kwa majina hayapaswi kwenda WhatsApp. Sisi tunafunga chaneli 32 maombi hayo yanapoanza na kuifungua yakiisha, na kibango cheupe kinamhakikishia mzee wa zamu kwamba kweli imesimama.

Hatua ya saba: kutoka diski hadi simu ya msikilizaji

Hii ni fupi. Unganisha mafaili ya ibada na utoe miksi ya kurekodia:

sox /rekodi/20*.wav -b 24 ibada.wav remix 27 28

Taja mafaili ya ibada husika tu, usibebe diski nzima. Kama la mwisho lilikatwa na umeme, lifungue peke yake kwa sox --ignore-length, mara nyingi linapona. Mahubiri yaliyokatwa vizuri yageuze hivi:

ffmpeg -i mahubiri.wav -af loudnorm=I=-16 -ar 48000 -ac 1 -b:a 64k mahubiri.mp3

Saa nzima inakuwa kama MB 29, ukubwa ambao mtu wa bando dogo anaumudu. Kwaya usiipunguze hivyo. Iache stirio, kilobiti 192 au zaidi. Kufuta, find /rekodi -name '*.wav' -mtime +56 -delete kila usiku inabakiza wiki nane. Unachotaka kutunza, kihamishe kwenye diski nyingine kabla.

Kabla ya Jumapili

Jaribu siku ya mazoezi ya kwaya, Jumatano au Alhamisi, ukiwa na muda. Fungua chaneli 32, subiri kibango kiwe chekundu, acha waimbe dakika 20. Wakiwa katikati ya wimbo, chomoa waya wa mtandao. Rekodi lazima iendelee. Urudishe, kisha chomoa umeme wa Pi bila kuaga. Washa tena na uhakikishe kibango kimerudi chekundu chenyewe. Mwisho chomoa SSD uone kama inakataa kuandika mahali pengine.

Baadaye vaa hedifoni ufungue faili moja moja kati ya yale ya dakika tano tano, usikilize hasa pale moja linapoisha na jingine kuanza. Weka chaneli 27 na 28 upande mmoja, kisha 31 na 32, ulinganishe. Mwite na mwalimu wa kwaya asikilize nawe. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba sauti ya tatu ilikuwa haisikiki, na tulipochunguza tukakuta maiki yao haikuwa imetumwa 11-12 kabisa.